Nyumba Thelathini na Sita

Vigelegele vilitangulia. Vilianzia mbali, kwenye kona ya duka la mafuta ya taa, vikakatika kidogo kama anayevipiga anavuta pumzi, kisha vikaanza tena karibu zaidi. Madirisha ya uchochoroni yakafunguka moja baada ya jingine kabla mtu hajaonekana. Karani alikuwa amepiga magoti ukumbini, akipiga deki. Aliijua sauti ya mama mkwe wake hata ilipochanganyika na kikohozi. Akaliacha tambara lizame ndani ya ndoo.

Bibi aliingia na viatu vyake vya matope moja kwa moja juu ya sakafu mbichi, kosa ambalo kwa mtu mwingine angelisimulia wiki nzima.

"Mtoto kapata shule," alisema. "Jina limebandikwa ukutani. Nimesomewa mara mbili, na mara ya pili kanisomea mtu mwingine, maana wa kwanza sikumwamini."

Pazia la chumba cha mbele likasogezwa. Chumba hicho ndicho kilichokuwa saluni ya mume wa Karani, kinyozi. Alitoka na mashine mkononi bado inanguruma, na nyuma yake akatoka mteja mwenye kichwa kilichonyolewa upande mmoja, naye akitoa pongezi kama mwanandugu. Binti mwenyewe alitokea uani, mikono ina povu. Aliambiwa. Alimtazama mama yake, akaanza kulia, na Bibi akamwambia alie vizuri, kilio cha furaha hakina gharama.

Karani alimkumbatia mwanawe. Kidevu cha mtoto kilimchoma begani. Aliuliza, ingawa alikwisha kujua, imekuwaje wakati juzi tu alikuwa kwenye orodha ya wanaosubiri.

"Nafasi za Kule zimeachwa," Bibi alisema. "Wamezikataa wenyewe. Serikali imewauliza kwa karatasi, mnataka watoto wenu wakae na wetu? Wakasema hawataki. Hakuna aliyewafukuza, mwanangu. Mtu akikataa chakula chake, wewe utakula dhambi gani ukikila?"

Karani aliinama akaokota tambara, akaanza kuifuta upya sakafu pale palipokuwa pamekwisha kufutwa.

Mtaa ule una jina lake kwenye ramani ya mji, lakini hapa huitwa Kule tu. Uko ng'ambo ya reli, mwendo wa kutosha kumaliza sigara moja. Watu wake wana dini yao na lugha yao ya nyumbani, wanazika kwao na kuoana kwao, na kila anayeishi hapa anajua habari zao ingawa ni wachache waliowahi kukaa kwenye kiti cha mtu wa Kule. Sekondari mpya ilipojengwa karibu na reli, baraza la mji liliahidi nafasi sitini kwa watoto wa kila upande. Kabla ya kuzigawa likataka maoni. Likachapisha madodoso, likaajiri makarani kumi na mbili wa muda, na mtaa wa Kule ukamwangukia Karani: nyumba arobaini, kwa siku tano.

Siku ya kwanza aliingia nyumba nne. Hakuna aliyemfukuza. Katika nyumba ya nne alikaribishwa na dobi, mwanamke mwenye vidole vilivyojikunja kwa sabuni, ambaye alimfutia kigoda kwa kanga yake na kumletea maji. Karani alikuwa na kiu ya kuchoma koo, akasema hana kiu. Tangu aolewe alikuwa akisikia kwa mama mkwe wake kwamba maji ya Kule hayanywewi. Dobi aliitazama ile bilauri, akairudisha ndani, akaketi kujibu maswali.

Jioni mume wake alimwambia wateja wanasema asirudi kule peke yake, mtu hajui. Hajui nini, hakusema. Karani mwenyewe hakuuliza sana. Njia ya Kule ina mwinuko, mvua ilikuwa imeanza, na ndani ya moyo wake kulikuwa na kitu kidogo kilichofurahi kukatazwa. Kwa hiyo siku ya nne, baada ya chakula, alitandaza madodoso thelathini na sita juu ya meza, wakayapika. Makarani huita hivyo, kupika. Alikuwa na kalamu tatu za wino tofauti na penseli moja. Mengine aliyakunja mara nne ili yaonekane yametoka mfukoni, na moja alilidondoshea chai. Mume wake aliigiza mzee mkorofi wa Kule, akisemea puani, mkono mmoja kiunoni. Bibi akawa mjane, kisha mama wa watoto wengi, kisha bwana harusi. Walipofika swali la kumi na moja, kama mzazi angependa mwanawe asome darasa moja na watoto wa upande wa pili, Bibi aligonga meza. "Hapana. Wale hawataki mtu. Andika." Walicheka mpaka mtoto akaamka chumbani na kuuliza kuna nini.

Hapana thelathini na sita. Ndiyo nne, zile za kweli, zikabaki katikati yake kama punje za mchele kwenye gunia la pumba. Na hizo nne ndizo zilizolifanya gunia liaminike.

Siku iliyofuata orodha, mchana, dobi alikuja.

Alikuwa ameulizia kwa tarishi mmoja wa baraza anayemfulia sare, akaelekezwa kwa mke wa kinyozi. Alisimama kwenye kizingiti, nusu ya kiatu ndani, nusu nje. Ndani kulikuwa na wateja watatu. Karani, nyuma ya pazia, alimsikia akisalimia na akasikia namna salamu ilivyochelewa kujibiwa.

Aliomba kumwona dada karani, kama yupo. Kinyozi alisema hayupo. Alisema kwa adabu, na mashine haikusimama.

"Mama, si nyie mlisema hamtaki?" mteja mmoja aliuliza. "Leo mmetaka tena?"

"Waacheni wakakubaliane kwanza," alisema mwingine. "Kule hata kukataa wanakataa kwa zamu."

Wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa kile cha watu wanaongoja zamu yao kwenye kiti. Dobi alishukuru. Hilo ndilo lililomwinua Karani, kwamba yule mwanamke alisema asante. Alipita mlango wa uani, akazunguka nyumba, akamwahi kwenye kona.

Dobi hakuonyesha kushangaa kwamba asiyekuwepo ametokea. Alimsogeza kando kidogo, mbali na njia.

"Sikuja kugombana, dada. Naomba unikumbushe tu. Uliponiuliza habari ya shule, mimi nilikujibu nini?"

"Ulikubali."

"Nikasema na nini tena?"

"Ulisema wako anapenda hesabu. Ungefurahi apate wa kushindana naye."

Dobi alishusha pumzi, mabega yakashuka nayo. Alieleza kwamba tangu orodha itoke binti yake hali chakula, anamuuliza, mama uliwaambia nini wale watu. Naye kusoma hajui vizuri, akaanza kudhani labda alijibu vibaya, labda neno lake lilikwenda kusema jambo jingine. Tangu jana anajikagua ulimi.

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Kona ilikuwa tupu, na yule mwanamke alikuwa amekwisha kulegea. Karani alifungua mdomo.

"Sasa kama si mimi, ni nani?" Dobi aliuliza.

"Ni wenzako," Karani alisema. "Wewe umeandikwa ndiyo. Majirani zako ndio waliokataa."

Maneno yalitoka mepesi kama mate. Dobi alisimama akiyatafuna. Akauliza kama na mama mapacha wa mlango wa pili, ambaye wanachangia kamba ya kuanikia nguo, naye alikataa. Karani alisema hakumbuki majina, lakini walikuwa wengi. Dobi akamshukuru kwa mara ya pili, akaondoka kuelekea relini kwa hatua za mtu aliyepewa silaha.

Jumatano asubuhi Karani alikwenda ofisini. Msimamizi wa makarani alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye watoto wake sita, na alikuwa akibangua karanga juu ya gazeti. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, bila ubaya.

"Sasa unafikiri nani hakupika? Mwenzako wa mtaa wa juu alijazia harusini. Nimeona alama ya pilau." Alipuliza maganda. "Dodoso bila kupikwa haliliki, mama. Wewe ulichoandika ndicho kila mtu anachokijua."

"Nyumba nilizoingia hazikusema hivyo."

"Nyumba nne."

"Nne kati ya nne, bosi."

Karanga ilibaki katikati ya vidole vyake. Alitazama mlango, akauliza kwa sauti ya chini zaidi kama ni kweli binti wa Karani yumo kwenye orodha mpya. Karani akasema yumo. Msimamizi akaitikia kwa kichwa muda mrefu, kama daktari. Alimweleza kwamba Ijumaa saa tatu kuna kikao cha wazi cha baraza, orodha itapitishwa, na mwananchi yeyote ana haki ya kusimama na kusema. Hawezi kumzuia. Ila akisimama, zoezi lote litarudiwa, nafasi za Kule zitarudi Kule, na jina lake yeye halitaandikwa tena kwenye kazi yoyote ya mji. Na mwezi ujao kuna kazi ya kuhesabu mifereji, alikuwa amemweka wa kwanza.

Karani aliomba madodoso matupu.

"Chukua," alisema msimamizi, akimsogezea rundo. "Mimi huyafungia karanga."

Alipowaeleza nyumbani, alitegemea makelele. Hakukuwa na makelele. Kinyozi aliketi kwenye kiti cha wateja, akajizungusha nusu, akatazama uso wake kwenye kioo.

"Mimi nilichekesha tu," alisema. "Kalamu ilikuwa mkononi mwako."

Ilikuwa kweli, ndiyo maana ilimuuma. Bibi alikuwa na lake. Alitaka kujua ni mama gani anayemtoa mwanawe darasani kwa mkono wake ili mtoto wa Kule aingie. Wao wana watu wao, alisema, wana matajiri wao, wasaidiane. Alitaja tajiri mmoja, akatafuta wa pili, akamkosa, akasema hata hivyo wanajuana. Chumbani binti alikuwa akijaribu sketi ya shule aliyoshonewa na shangazi yake. Walimsikia akizunguka mbele ya kioo, marinda yakipepea, akihesabu kwa sauti marinda mangapi.

"Kama ni kumwambia, utamwambia wewe," kinyozi alisema. Akawasha mashine ingawa kiti hakikuwa na mtu.

Alhamisi Karani alivuka reli na madodoso thelathini na sita ndani ya mkoba. Alijidanganya kwa njia nzuri. Alijiambia: nitaingia kila nyumba, nitaandika wanachosema, na majibu ya kweli yatajisemea yenyewe. Nitayaweka mezani kwa baraza bila kueleza ya kwanza yalitoka wapi. Karatasi kwa karatasi.

Fundi viatu alikuwa wa kwanza, mzee mwenye misumari midomoni. Alimwacha asome swali la kumi na moja lote, akaitoa misumari mmoja mmoja.

"Andika hapana."

"Kwa nini, mzee?"

"Ungeniuliza mwezi jana ningesema ndiyo. Sasa tumesomewa gazetini kwamba hatuwataki. Asilimia tisini. Nikasema, kumbe. Basi nikajitazama, nikaona ni kweli, siwataki." Alirudisha misumari mdomoni. "Mjukuu wangu alipita kwenu na daftari, mtu akamwambia rudi mkatae tena."

Nyumba ya pili walikataa kufungua. Ya tatu walimjibu kupitia dirishani, hapana. Ya nne kulikuwa na kijana aliyemwambia wazi kwamba yeye hajawahi kuwataka, tangu azaliwe, na hata angeulizwa mwaka juzi angesema hilohilo. Karani aliliandika kwa heshima, maana lilikuwa jibu. Katika nyumba ya saba mama mapacha, mtoto mmoja mgongoni na mwingine miguuni, alisema hapana kabla swali halijaisha, akaongeza kwamba kuna shetani amepita mtaa huu, watu waliokula pamoja miaka kumi sasa hawasalimiani. Hakusema kwa sababu ya nani.

Kufikia saa sita alikuwa na nyumba kumi na tisa. Ndiyo zilikuwa mbili. Alikaa juu ya jiwe akayapitia tena na tena kama mtu anayetafuta kosa la hesabu. Uongo wake ulikuwa umetoka nje ya karatasi, umevaa miguu, umezunguka mlango hadi mlango, ukamtangulia. Hakuwa na karatasi ya kubadilisha na karatasi. Kilichobaki ni mdomo.

Bomba la maji la Kule liko mwisho wa uchochoro, na saa hizo huwa na foleni ndefu. Dobi alikuwa wa mwisho, peke yake, kati ya ndoo yake na ndoo iliyotangulia pana nafasi ya watu wawili. Hakuna aliyekuwa akimsemesha. Binti yake alikuwa ameshika mpini wa ndoo, msichana mrefu, mwembamba, anayetazama chini.

Karani alimsogelea dobi, akaanza kumweleza taratibu. Nyumba nne tu. Nyingine alizijaza kwake, mezani. Hakuna jirani aliyeulizwa. Hakuna aliyekataa.

Dobi alisikiliza bila kugeuka. Maji yalikuwa yakijaza ndoo ya mbele.

"Usininong'oneze," alisema. "Mimi juzi niliwatukana hapa kwa sauti. Mama mapacha nilimwambia ana roho ya fisi. Nilikata kamba yetu ya nguo kwa kisu. Na wewe sema kwa sauti."

Wanawake walikuwa wamekwisha kugeuka. Karani alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, ikamlazimu kurudia sentensi ya kwanza. Alisema alikuwa karani, alipaswa kuingia nyumba zao na hakuingia, aliogopa bila kutishwa na mtu, na zile hapana za gazetini ni za nyumbani kwake. Na juzi alipoulizwa, akawasingizia.

Mtu alicheka kidogo, kicheko kikavu. Mama mapacha alimpakata vizuri mtoto wake.

"Kwa hiyo mimi nilisema hapana wewe ukinywa chai kwako."

"Ndiyo."

"Nilikuwa na sauti gani?"

Karani angeweza kusema uongo hapo pia. "Mama mkwe wangu ndiye aliyekuigiza," alisema. "Tulicheka."

Hakuna aliyecheka sasa. Mama mapacha alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, bila haraka. "Lakini ile ya leo asubuhi nimesema mwenyewe," alisema. "Hiyo usiifute. Hiyo ni yangu."

Akageuka, akachukua ndoo yake. Hakumtazama dobi. Lakini alipopita alisita, akaisukuma kwa mguu ndoo ya dobi mpaka ikagusana na ya mbele, akaenda zake. Haukuwa msamaha. Ilikuwa foleni tu imerudi kuwa foleni.

Karani alisimama asijue aondoke kwa njia gani. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana, na alikuwa ametamani sana atukanwe. Dobi aliuliza kikao ni saa ngapi, kama mtu anayeuliza saa ya gari. Akajibiwa saa tatu. Akauliza kama atasema mambo haya haya, na akisha kusema, kazi yake itakuwaje. Karani akasema atasema, na kazi haitakuwepo. Dobi akaitikia, si kwa huruma.

Ndipo binti yake alipoinua uso.

"Shikamoo," alisema kwanza, kwa sababu alikuwa amelelewa. "Wako ni wa rika langu?"

"Marahaba. Ndiyo."

"Yumo kwenye orodha?"

"Yumo. Aliingia nyie mlipotolewa."

"Anajua?"

Karani alitikisa kichwa. Msichana alingoja. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa akingoja tu jibu lililo kamili, kama anayengoja mwalimu amalizie hesabu ubaoni. Foleni ilikuwa imefika zamu yao na hakuna aliyefungua bomba.

"Leo nikifika nyumbani, kabla sijavua viatu, nitamwambia," Karani alisema. "Nitamwambia mimi, si baba yake. Na kesho saa tatu nitakuja naye barazani. Atasimama karibu yangu nikiyasema, na wewe uwe pale umtazame, ili awepo mtu mmoja wa nyumba yangu anayekujua kwa sura. Nakuahidi, mwanangu."